Vibao vya mpini vinavyofunguka: skrubu ibane, bushi ibebe

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Tanga. Naunukuu kama ulivyo: "Shikamoo fundi. Nimetengeneza kisu kwa springi ya gari, nikakitia vibao vya mninga vya kufungua na kufunga kama vya kwako. Skrubu nimekaza mpaka alenki inataka kupinda. Kibao cha kulia kimetulia, cha kushoto kinacheza. Nikianza kukaza kushoto, cha kulia ndicho kinacheza. Nimechoka, nataka nivigandishe kwa gundi yaishe."

Marahaba mwanangu. Usigandishe. (Vibao ni vile vipande viwili vya mpini vinavyoshika chuma pande zote mbili, na alenki ni ule ufunguo wa pembe sita wa kukazia skrubu.) Nilimwomba vipimo, akanitumia, na vipimo vikasema kila kitu. Jibu lake nitalitoa hapa hapa, maana najua wenye shida hiyo ni wengi. Ila kwanza nieleze kilichonileta kwenye vibao vya namna hii, kwa sababu mtu asiyejua kwa nini anafanya jambo hataona haja ya kulifanya kwa usahihi.

Mimi nilifundishwa kazi na mzee aliyekuwa akigandisha mpini kwa gundi na kupigilia ribiti, basi. Ni njia nzuri na visu vyake vingine vinakata mpaka leo. Lakini wateja wangu mimi ni watu wa samaki. Nauza visu kwa wapasuaji wa soko la samaki la Feri pale Dar es Salaam, watu ambao kisu chao kinashinda kwenye maji ya chumvi, damu na barafu kuanzia alfajiri. Visu vyao vilikuwa vikirudi kwangu makali yakiwa bado mazima lakini mpini umepasuka kwenye ribiti.

Siku moja nilikichukua kimoja nikakibandua kwa patasi mbele ya mwenyewe. Chini ya mbao, kwenye msuka, yaani ule mkia wa chuma unaokaa ndani ya mpini, kutu ilikuwa imevimba tabaka juu ya tabaka kama magamba, na harufu iliyotoka pale sitaieleza. Maji ya chumvi hupenya kwenye ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Yakishaingia hayatoki, hayapati hewa yakakauka, yanakaa pale yanakula chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma. Inasukuma mbao mpaka mbao inapasuka. Na ili ufike pale ukasafishe, lazima uvunje mpini wote. Yule bwana aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa fundi, uchafu wote huu nilikuwa nakatia samaki wa watu, ningeuonaje?"

Hapo ndipo nilipoamua kwamba kisu kitakachotoka mikononi mwangu, mwenyewe awe na uwezo wa kukifungua, kukiosha, kukikausha na kukipaka mafuta, kisha akifunge.

Mtadhani nilipongezwa. Hoteli moja ya pwani, siitaji, iliniagiza visu vya jikoni. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote, vibao vya mpingo, bushi za brasi (vijipande vya duara vyenye tundu katikati), kila kichwa cha skrubu kimezama sawasawa. Mtu wao wa manunuzi akakigeuza kimoja, akaona skrubu, akasema hivi ni visu ambavyo havijamalizika, vya kuungaunga. Akavirudisha vyote. Hakutaka hata nimfungulie kimoja aone ndani. Nimekaa na neno lile miaka yote na bado linaniuma, kwa sababu kazi anayoiita ya kuungaunga inadai usahihi kuliko gundi. Gundi inasamehe. Ukikosea nusu milimita, gundi inajaza nafasi, unapiga msasa, hakuna anayejua. Kibao cha kufunguka hakisamehi hata kidogo, kila ulichokosea mteja atakiona siku ya kwanza atakapofungua.

Haya, tuingie kazini. Jambo la kwanza na la mwisho ni hili: skrubu inabana, bushi ndiyo inayobeba. Wengi wanatoboa tundu, wanapitisha skrubu na nati, wanakaza, halafu wanashangaa mpini unacheza baada ya wiki. Skrubu haikutengenezwa kuzuia kibao kuteleza kushoto na kulia. Meno yake yanakula mbao polepole, tundu linapanuka. Kinachozuia kuteleza ni bushi, kipande laini cha duara kilichoingia kwa kubana kwenye msuka na kwenye kibao. Mimi natumia bushi ya brasi ya kipenyo cha milimita 6, yenye tundu katikati lililokatwa thredi (meno ya skrubu) ya M4, yaani ya skrubu ya milimita 4, na skrubu mbili zinaingia humo, moja kila upande. Bushi hiyo hiyo inafanya kazi ya pini na kazi ya nati. Naweka bushi mbili, zikiwa mbalimbali kadiri mpini unavyoruhusu, maana zikikaribiana kibao kinapata nafasi ya kuzunguka, na zikiwa katikati miisho ya kibao inanyanyuka mbao inapokauka.

Matundu ya msuka yatobolewe kabla ya kutia kisu ugumu. Springi ikishapigwa moto na kuchovywa kwenye mafuta, biti zako zitaishia pale. Hata kabla ya hapo springi ya gari ni ngumu. Ipashe mpaka iwe nyekundu, izike kwenye majivu ipoe usiku kucha, asubuhi itatoboka. Ukimaliza kukitia kisu ugumu na kuulegeza kidogo, pitisha msasa uliokunjwa ndani ya matundu kutoa masizi, halafu sugua msuka kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka uwe bapa kabisa pande zote mbili. Sehemu hii inachosha na hakuna cha kuhadithia, ila usiiruke. Pangusa wino wa kalamu nzito kwenye msuka, sugua, na palipobaki wino ndipo penye bonde.

Sasa hesabu ya kijana wa Tanga, na hii ndiyo sehemu ninayotaka muisome mara mbili. Chukua msuka wa milimita 4. Bushi yangu ina urefu wa milimita 8, kwa hiyo inatokeza milimita 2 kila upande. Kibao kina unene wa milimita 8. Kwa ndani nakichimbia kishimo cha 6 kwa kina cha milimita 2.2, ili bushi iingie na ibaki nafasi kidogo. Ile 0.2 ni muhimu sana, kwani bushi ikigusa mwisho wa kishimo kabla kibao hakijagusa msuka, kibao kitakuwa kimesimama juu ya bushi na utaona mwanga kati ya mbao na chuma. Kwa nje nachimba shimo la milimita 8 kwa kina cha 2.5, la kuzamisha kichwa cha skrubu, ile ya M4 yenye kichwa cha mviringo, ambacho kina kimo cha milimita 2.2. Toa hesabu: mbao inayobaki kati ya mashimo hayo mawili ni milimita 3.3. Hiyo ndiyo mbao inayobanwa. Ikipungua sana skrubu itaipasua.

Skrubu ya dukani ni ya milimita 8. Ikishapita ile 3.3 ya mbao na ile 0.2 ya uwazi, inabaki 4.5 ya kuingia kwenye bushi. Upande wa pili vivyo hivyo, 4.5. Jumla 9. Bushi ni 8. Zinakutana njiani! Skrubu ya kwanza inaingia yote na kubana kibao chake, ya pili inagonga ncha ya mwenzake. Mkono wako unahisi imekaza, na kweli imekaza, lakini imekazana na skrubu nyingine, kibao hakijaguswa. Ndiyo maana kila upande unaoanza nao unatulia na wa pili unacheza. Dawa ni kupunguza kila skrubu mpaka milimita 7. Kabla ya kukata, ingiza kwanza nati kwenye skrubu, kata kwa msumeno wa chuma, lainisha kwa tupa, halafu ifungue nati itoke, nayo itanyoosha meno yaliyoharibika mwishoni. Kijana alifanya hivyo jioni ile ile, akanitumia picha. Mninga umelala kwenye chuma, hauonyeshi hata mstari.

Kutoboa vibao ndiko kunakotenganisha mafundi. Usipime kwa rula ukadhani utapata kitovu kile kile. Tengeneza bushi nyingine ya chuma, fupi, sawa na unene wa msuka, yenye tundu la 3.3 katikati. Iweke kwenye tundu la msuka, bana kibao kwenye msuka kwa klempu, na utoboe kupitia humo. Tundu la msuka lenyewe ndilo linaloelekeza biti. Ukishapata tundu la 3.3, panua liwe 4.5 ili meno ya skrubu yasiguse mbao, kisha chimba vile vishimo vya ndani na nje kwa biti ulizozisaga ncha zikawa bapa kwenye grenda. Biti yenye ncha ya kawaida itakuachia shimo la umbo la koni na kichwa cha skrubu hakitakaa. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina. Na unapotoboa brasi, ua kidogo ukali wa biti kwa jiwe, la sivyo itang'ata na kukunyang'anya kipande mkononi. Biti ya 3.3 ndiyo saizi ya kukatia thredi ya M4. Ukitumia ya 3, tepu, kile kifaa cha kukatia thredi, itakatikia ndani, na tepu iliyokatikia ndani ya bushi ni msiba.

Kipimo changu cha kibao kilichokubali ni hiki: kisukume kwa kidole gumba kiingie kwenye bushi bila nyundo, kisha geuza kisu kichwa chini bila skrubu yoyote. Kisipodondoka, hapo umefanya kazi.

Ndipo unakuja kuchonga umbo. Wakati wa kuchonga tumia skrubu mbovu, zile ambazo hujali zikiliwa na msasa, na ukumbuke kwamba unene unaoupunguza unatoka kwenye kile kina cha 2.5. Ukitaka mpini wa mviringo sana, anza na kibao kinene zaidi na chimba shimo la nje ndani zaidi tangu mwanzo.

Mbao? Mninga kwanza. Hauna matata, ukikauka unatulia, na mabaki yake utayapata kwa maseremala wa Keko kwa pesa ndogo. Mpingo ni mzuri kupita maelezo, wenye uzito wa kuzama majini, ndio huo huo unaotengenezewa zumari za Ulaya. Mabaki yake yanapatikana kwa wachongaji wa Mwenge. Ila unachoma biti, na vumbi lake linawasha macho na kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima. Anayetaka kuuza nje ya nchi aulize kwanza habari za vibali, kwa kuwa tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya mpingo imewekewa masharti. Kwa watu wa samaki mimi sasa nawapa mikarta ya kanga: vipande vya kanga kuukuu vilivyolowekwa kwenye epoksi, vikapangwa tabaka juu ya tabaka na kubanwa kati ya mbao mbili zilizofungwa nailoni mpaka vikauke. Kanga moja inatoa vibao vya visu kadhaa. Haivimbi kwa maji, na ukiipiga msasa rangi za kanga zinajitokeza kwa mistari. Mpasuaji mmoja wa Feri aliniletea kanga ya marehemu mama yake nimtengenezee vibao. Kisu kilikuwa cha zamani, nilikuwa nimemuuzia mimi mwenyewe. Nilifungua vibao vilivyochakaa, nikafunga vipya akiwa amesimama pale pale, akarudi kazini. Hakuna gundi duniani ingenipa heshima ile.

Sasa mafundi wenzangu, tuambiane ukweli. Tunapenda kuficha. Msuka ukiwa na bonde tunaujaza gundi, tundu likienda upande tunalijaza gundi na unga wa mbao, na mteja analipa pesa ya kisu kizima. Tunalalamika kwamba watu wanapenda visu vya nje, lakini ni wangapi kati yetu wangethubutu kumpa mteja alenki na kumwambia fungua, tazama ndani? Ukijua mtu atafungua, utapiga msasa hata pale pasipoonekana. Utakwangua masizi ya moto. Utaweka alama yako kwenye msuka bila aibu. Kijana unayeanza, anza na kisu cha kufunguka hata kama utauza kwa gundi baadaye. Kitakulea.

Mteja wako mpe na maelekezo. Wiki ya kwanza akaze tena kidogo, kwa sababu mbao hubanwa na kutulia. Asikaze kwa nguvu za kufungulia tairi, vidole viwili kwenye alenki vinatosha. Gundi ya thredi ile ya buluu, tone moja, inazuia skrubu kulegea na bado inakubali kufunguka; ile nyekundu usiitumie. Anayefanya kazi kwenye chumvi afungue kila mwezi, aoshe, akaushe juani, apake msuka mafuta ya nazi au ya kitani kiasi cha kung'aa tu, afunge. Skrubu zake ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana za kawaida zitagandamana na brasi na siku akitaka kufungua kichwa kitakatika. Na aipe alenki yake mahali pa kudumu. Mimi nachimba kitundu kwenye ala ya ngozi, alenki inakaa humo, na inakwenda popote kisu kinapokwenda.