Babu yangu ananukuliwa kuliko mimi

Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa Jambiani. Skuli hakwenda, na makala ya utafiti hajawahi kuitia mkononi. Lakini ingia Google Scholar, mtandao wa kutafutia makala za utafiti, utamkuta: Haji, bingwa wa mwani, ananukuliwa mpaka Ufilipino.

Nilimgundua nilipokuwa najaza fomu ya kupandishwa cheo, iliyotaka kipimo cha h, yaani namba inayoonyesha makala zako zinanukuliwa kiasi gani na watafiti wengine. Nikakuta mimi ni watu wawili. Majarida ya nje yamelichukua jina langu la mwisho, la babu, yakalifanya la ukoo. Ya huku nyumbani yameniandika Khamis, na moja Hamisi. Sisi Wazanzibari mtu ana jina lake, la baba na la babu, basi. Mashine itayajuaje hayo?

Kipimo chenyewe alikileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unapanga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unazipa namba 1, 2, 3 kushuka chini. Namba ya mwisho ambayo manukuu bado yanaifikia ndiyo h yako. Upande wa babu kulikuwa na makala zenye manukuu 31, 9 na 4, kwa hiyo h ni 3. Upande wangu 12, 5, 4 na 1, nako 3. Nikajua nikiunganisha napata 6, cheo kimeshakuja. Nikazipanga kwa kalamu: 31, 12, 9, 5, 4, 4, 1. Jawabu 4. Nikahesabu tena. 4.

Wadogo zangu, chagueni tahajia moja ya jina kabla ya makala ya kwanza, na mshikamane nayo. Fungueni ORCID, kitambulisho cha watafiti cha mtandaoni, ni bure. Utapewa namba ya tarakimu 16 isiyojali kama umeandikwa kwa kh au kwa h. Halafu kagua ukurasa wako wa Google Scholar mara kwa mara, kwani wangu uliwahi kunizawadia makala ya upasuaji wa mifupa ya Khamis mwengine. Nilimrudishia mwenyewe, ingawa ilikuwa na manukuu mazuri, wallahi.

Sasa ile yenye 31. Waandishi wake tuko zaidi ya arubaini, na mimi mchango wangu ulikuwa wiki mbili za kuchota maji Paje. Ile yenye 1 niliiandika kwa miaka miwili, nikikaa na kina mama wanaolima mwani, kutafuta kwa nini mwani wa aina ya kotonii unakufa maji yakipata moto na wa aina ya spinosamu unahimili. Mpaka leo wananisimamisha njiani kuniuliza habari zake. Nakala ya Kiswahili niliyowaandikia wao haimo kwenye hesabu yoyote.

Kwa hiyo kwenye fomu niliongeza ukurasa mmoja wa maelezo, nikataja Tamko la Leiden la mwaka 2015, la wataalamu wa kupima utafiti, linalotaka utafiti wenye maana kwa wenyeji ulindwe usimezwe na namba. Kamati haikusema kitu. Nawashauri muuongeze hata hivyo.

Kilichonishtua zaidi hakikuwa namba. Usiku mmoja nilikaa barazani na daftari, nikachora duara kwa kila niliyewahi kuandika naye, na mstari baina ya walioandika pamoja. Ikatoka kama buibui: mistari karibu yote inapita kwa profesa mmoja wa Ulaya. Nikamziba kwa kidole gumba. Nikabaki na maduara mawili, na mmoja wao keshastaafu. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini tangu mradi wake umalizike sijatoa makala hata moja.

Tena Pemba sikuwa na duara hata moja. Mwani mwingi wa Zanzibar unatoka Pemba! Nimekwenda makongamano nchi za mbali, na boti ya kwenda bandari ya Mkoani, huko Pemba, sijaipanda kwa kazi.

Chora na wewe mchoro kama huo. Dakika ishirini zinatosha. Ziba duara kubwa kuliko yote uone nani anabaki, kisha mtafute mtu ambaye mstari wake utatoka kwako moja kwa moja.

Mimi nimempata wa Chake Chake, kijana hodari, ana vipimo vya joto la maji ambavyo sisi wa Unguja hatuna. Juzi kanitumia rasimu ya kwanza. Nimeifungua, jina langu kaliandika Hamisi. Nimemrudishia.