Usiukate mwembe wa ngowe kwa maneno ya dalali

Juzi kijana mmoja wa Malindi aliniandikia: "Kaka, nina miembe minne ya ngowe aliyoiacha babu. Mwaka huu haikuzaa kitu. Nataka niing'oe nipande tommy. Wasemaje?"

Nilisoma mara tatu, nikaiweka simu chini. Mimi niliangusha miembe sita ya ngowe. Marehemu baba aliipanda kabla sijazaliwa, na mwaka 2013 nikawauzia wachoma makaa, kwa sababu dalali aliniambia Nairobi wanataka embe jekundu, la ngozi ngumu, lisilopondeka njiani. Hakudanganya. Embe hilo ndilo tommy, na kweli linasafiri. Lakini lina nyuzi, na utamu wake haufiki nusu ya ngowe. Miche ya tommy niliyoipanda ilipoanza kuzaa, kijiji kizima kilikuwa kimepanda hiyo hiyo na bei ikaporomoka. Mama alionja kipande, akakiweka kando, hakusema neno. Hilo laniuma mpaka leo.

Ngowe hulikosei hata ukilipapasa gizani: refu, jembamba, ncha imepinda kama mdomo wa kasuku. Likiiva huacha ukijani likawa manjano ya kukaribia chungwa, na nyama yake ni laini; huli kisha ukakaa kuchokonoa meno. Mti wenyewe si mrefu sana, waangua bila kuhatarisha shingo.

Ndiyo, mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yategemezwe magongo, mwaka wa pili hupumzika. Hiyo ni tabia yake, mdogo wangu, si ugonjwa. Ugonjwa ni ubwiri unga. Ukiona maua kama yamepakwa unga mweupe, yatapukutika yasishike tunda. Piga dawa ya salfa mapema, maua yanapochomoza, usingoje yachanue yote. Punguza matawi ya ndani, upepo upite. Na kama tommy umeitamani kweli, bebesha tawi moja la mti huo huo, yaani uunganishe hapo kikonyo cha tommy, shina la babu libaki.

Usikate. Vijana tuna haraka, twataka pesa ya msimu huu, twasahau kwamba mwembe hupandwa na mtu ambaye pengine hataula. Aliyekuachia kivuli hakukuachia kuni.

Mimi sasa nina miche miwili ya ngowe, niliyoibebesha kwa vikonyo vya jirani aliyekataa kumsikiliza dalali yule yule. Mmoja umetoa maua Agosti hii. Nimeupiga salfa mara mbili, na kila jioni mama hupita pale kuutazama.