Jibu: Smokey Yunick alificha wapi mafuta ya ziada?

Umeuliza Smokey Yunick, fundi wa magari ya mashindano wa Marekani, aliongezaje mafuta kwenye gari la NASCAR (mashindano ya magari ya huko) bila kukuza tangi. Ni kwenye bomba la mafuta, lile linalotoka kwenye tangi kwenda kwenye injini. Kanuni za miaka ya 1960 zilibana ujazo wa tangi, upana wa bomba hazikuugusa. Inaelezwa alifunga la kipenyo cha inchi 2, urefu futi 11.

Piga hesabu: linabeba kama lita 6.8, la nusu inchi lenye urefu huohuo halifikishi hata nusu lita. Zile galoni 5 (kama lita 19) zinazotajwa kila mahali kuwa ndizo alizoficha haziingii humo kabisa! Lakini kwa uwanja wa Daytona, wenye mzunguko wa maili 2.5, lita 6 zinakupa mizunguko 2 au 3 zaidi kabla ya kuingia kujaza. Ni faida kubwa mno. Baadaye kanuni zikabana na bomba.