Anajua Ni Vibaya, Mbona Bado Anapiga?

Swali la wiki hii lilikuwa: "Mtoto wa miaka 4 ukimuuliza, anakwambia kumpiga mwenzake ni vibaya. Haipiti robo saa, amempiga. Tumwadhibu vipi mpaka aelewe?"

Nianze na hilo neno "aelewe", kwa sababu kuelewa ameshaelewa. Mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake nchini Marekani waliwauliza watoto wa chekechea kuhusu makosa ya aina mbili: kuvunja utaratibu wa darasani, na kumuumiza mwenzako. Mwalimu akiruhusu utaratibu uvunjwe, watoto walisema basi hakuna tatizo. Kumpiga mwenzako je, mwalimu akiruhusu? Wakakataa: bado ni vibaya, kwa sababu anaumia. Mtoto anayeweza kusema hivyo hahitaji kufundishwa upya kwamba kupiga ni kosa.

Kinachochelewa ni uzito wa ujuzi huo ndani yake. Mwaka 2013 Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 8 waliopewa stika wagawane na mwenzao. Wa umri wote walisema haki ni kugawana nusu kwa nusu. Wakubwa waligawa hivyo. Wadogo walijibakizia zaidi, na walipoulizwa mapema walisema wazi kwamba ndivyo wangefanya. Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian nao, mwaka 1988, waliwauliza watoto jinsi anavyojisikia mtu aliyeiba peremende za mwenzake. Wengi wa miaka 4 walijibu: anafurahi, amepata peremende. Kufikia miaka 8, wengi walisema anajisikia vibaya. Kati ya miaka 4 na 8 ndipo maumivu ya mwenzake yanapoanza kuingia kwenye hesabu zake mwenyewe, na kazi ya mlezi ni kuyaingiza, kidogo kidogo, mara nyingi sana.

Sasa tazama adhabu kali inavyofanya kazi. Mtoto akichapwa au akifokewa, macho na mawazo yake yote yanarudi kwake mwenyewe: mimi naumia, mimi naonewa. Mwenzake aliyepigwa ametoweka kabisa kwenye kisa. Victoria Talwar na Kang Lee walilinganisha shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko na nyingine isiyo na viboko, wakiwapima watoto wa miaka 3 na 4 katika mchezo wa kutochungulia kitu. Walipoulizwa kama wamechungulia, wa shule ya viboko walidanganya zaidi, tena uongo wao ulikuwa mgumu kugundua. Fimbo ilikuwa imewafunza kuficha.

Njia ninayoiamini ni ile ambayo mwanasaikolojia Martin Hoffman aliitetea kwa miaka mingi: kumwonesha mtoto kitendo chake kilivyomfikia mwingine. Utaratibu wenyewe ni mfupi, ila mpangilio wake una maana.

Watenganishe kwanza. Mhudumie aliyeumia kabla ya kusema lolote, na mpigaji awe karibu aone. Kisha piga goti macho yenu yawe sawa, na useme sentensi mbili, si zaidi: "Umemsukuma, ameanguka. Goti linamuuma, ndiyo maana analia." Sauti iwe nzito kiasi cha kumfanya asikilize, isiwe ya kumtisha, kwa kuwa mtoto aliyejaa hofu hasikii maneno. Kama bado anapiga mateke, usihubiri. Kaa naye hadi pumzi itulie, ndipo uyaseme. Halafu apewe kitu cha kufanya kwa mikono yake: kuleta kitambaa chenye maji, kurudisha mwanasesere, kuujenga tena mnara aliouangusha. Baadaye, siku hiyohiyo mkiwa mmetulia, mfanyie mazoezi ya maneno aliyoyakosa pale: "Bado zamu yangu", "Nirudishie." Igizeni mara mbili au tatu, wewe ukiwa yule mwenzake.

Makosa yanayoiharibu njia hii ni ya kawaida mno. Moja ni kumuuliza "Kwa nini umefanya hivyo?" Wa miaka 4 hana jibu, atatunga. Lingine ni kumlazimisha aseme samahani papo hapo. Neno linageuka tiketi ya kurudi mchezoni. Zawadi nazo zina hatari yake. Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu watoto wa miezi 20, umri ambao mtoto humwokotea mtu kitu kilichomdondoka bila kuombwa. Waliopewa zawadi kwa kusaidia walipunguza kusaidia zawadi ilipokoma, kuliko waliosifiwa tu au ambao hawakupewa chochote.

Kosa kubwa kuliko yote halionekani kama kosa, na mwanasaikolojia Gerald Patterson ndiye aliyelichambua vizuri. Mzazi anaagiza, mtoto anapiga kelele, mzazi anaongeza ukali, mtoto anajirusha chini, mzazi anachoka na kuacha. Mtoto amejifunza kwamba ukorofi unalipa, na mzazi amepata utulivu kwa kusalimu amri, kwa hiyo kesho wote wawili watarudia. Dawa yake ni kupunguza amri: toa moja tu, iliyo wazi, unayoweza kuisimamia hadi mwisho, kisha nyamaza sekunde 5 umpe nafasi ya kutii. Amri ambayo huna nguvu ya kuifuatilia, bora usiitoe.

Je, anayepiga akiwa na miaka 4 atakuwa mhalifu? Kwa walio wengi, hapana. Kazi za mtafiti Richard Tremblay zinaonesha kwamba kupiga na kusukuma hufikia kilele kati ya miaka 2 na 4, kisha hupungua. Cha kuangaliwa ni mtoto asiyepungua hata baada ya kuanza shule, anayepiga kila mahali na kila mtu, anayemvizia mwenzake akipanga kumuumiza, anayetesa wanyama, au ambaye machozi ya mwenzake hayamgusi kamwe. Dalili kama hizi zinapoanza mapema na kuendelea kwa miezi, mpeleke kwa mtaalamu wa watoto, usisubiri akue. Mweleze kwa ukweli usingizi wa mtoto ulivyo na kama kuna ugomvi nyumbani. Omba pia apimwe masikio na uzungumzaji, kwa sababu baadhi ya watoto wanaoitwa wakorofi ni watoto ambao hawasikii vizuri au hawajapata maneno ya kudai haki yao.