Maswali na Majibu: Mama anasafiri usiku katika daraja la biashara, tulipie nini hasa?

SWALI: Assalamu alaykum. Mama yetu mzazi ana umri wa miaka 72, anadunga insulini kwa ajili ya kisukari na magoti yanamsumbua. Mwezi wa Disemba atakwenda London kumtazama ndugu yetu, akifuatana na dada yangu. Sisi watoto tumechanga ili wote wawili wakae daraja la biashara, kwa kuwa ndege inaondoka Nairobi usiku. Je, ni kweli kwamba kiti hugeuka kitanda katika kila ndege? Wachague viti gani? Na tiketi tukate kuanzia Lamu au kuanzia Nairobi? – Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amjaalie mama safari ya salama. Katika kazi yangu ya uwakala wa safari hapa Malindi huwashauri wateja wasinunue jina la daraja, bali wanunue saa za kulala, kwa sababu jina hilo moja hubeba vitu vilivyo mbalimbali sana.

Si kila kiti cha daraja la biashara hugeuka kitanda. Katika ndege pana zenye njia mbili za kupitia abiria, kama Boeing 787 na Airbus A350, kiti kwa kawaida hunyooka kikawa bapa kabisa, urefu wake ukikaribia mita mbili. Katika ndege nyembamba yenye njia moja, kama Boeing 737, mara nyingi abiria hupata kiti kipana kinachoegemea nyuma na si zaidi. Kuna pia viti vya zamani vinavyonyooka kwa mshazari, ambapo mtu hulala huku akiteremka miguuni usiku kucha, na kwa mwenye magoti mabovu hivyo ni adhabu. Basi kabla ya kulipa, ulizeni aina ya ndege, kisha ulizeni kama kiti hulala bapa kwa nyuzi 180. Rudieni kuuliza siku chache kabla ya safari, kwani shirika lina haki ya kubadilisha ndege.

Kuhusu viti, tazameni kwanza mpangilio. Ikiwa kila safu imegawika kiti kimoja, viwili na kimoja, kila abiria ana njia yake na hapana tatizo. Ikiwa ni viwili, viwili na viwili, anayekaa dirishani atalazimika kumruka jirani aliyelala kila anapokwenda msalani, jambo lisilofaa kwa mzee anayeamka mara kwa mara. Dawa yake ni jozi ya katikati: mama na dada watakaa bega kwa bega, na kila mmoja atashukia njia ya upande wake. Waepuke safu zilizo karibu na jiko au msala, maana taa na mazungumzo ya wahudumu hayaishi huko. Safu ya mbele kabisa huwa na nafasi nzuri ya miguu, lakini ndiko vitanda vya watoto wachanga hufungwa ukutani, na mtoto akilia hakuna pazia la kumzuia.

Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi London huchukua takriban saa tisa. Ndege ikiruka karibu na saa sita za usiku, chakula cha jioni kinaweza kuchukua muda wa saa moja na nusu, na kifungua kinywa huanza kuandaliwa saa mbili hivi kabla ya kutua, kwa hivyo usingizi wenyewe ni saa tano au sita. Ndiyo maana napendelea ndege ya moja kwa moja kuliko kupitia Dubai au Doha, hata kama tiketi ya huko ni nafuu: Nairobi hadi Doha ni saa tano na ushei, mama ndipo kwanza amelala, mara anaamshwa akatembezwe katika uwanja mkubwa alfajiri. Kitanda kizuri kilichokatwa vipande viwili hakina faida kubwa.

Njia ya kuongeza usingizi ni kula katika ukumbi wa mapumziko wa uwanjani, ambao tiketi ya daraja hili kwa kawaida humfungulia abiria mlango, kisha kumwambia mhudumu mapema kwamba chakula cha usiku hakihitajiki. Lakini hapa kisukari kina neno lake. Sindano ya chakula isidungwe mpaka sahani iwe mbele yake, kwani mtikisiko ukianza wahudumu huketi na chakula hungoja. Mama pia asilale bila kupima sukari, na dada awe na kitu kitamu mkononi. Insulini isiwekwe kamwe katika mzigo wa chini ya ndege, inaweza kuganda; ibaki katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Kwa vile mwezi wa Disemba saa za London ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, siku ya mama itarefuka, na daktari wake ndiye wa kupanga sindano ya insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu iangukie saa ngapi. Chakula maalumu, kiwe cha wenye kisukari au cha halali, huagizwa kabla ya safari, angalau saa 24.

Daraja halibadilishi hewa. Ndege nyingi huweka hewa ya ndani sawa na ya mtu aliye mlimani kwenye kimo cha hadi mita 2,400, hali 787 huishusha hadi karibu mita 1,800, yaani kama Nairobi tu. Kwa mtu aliyezaliwa na kukulia usawa wa bahari tofauti hiyo si ndogo. Hewa ni kavu popote utakapokaa, kwa hivyo anywe maji, na hata akiwa na kitanda ainuke atembee kidogo ili damu isigande miguuni.

Ama tiketi, kateni moja kuanzia Lamu ikiwezekana, yaani safari zote ziwe katika nambari moja ya uhifadhi. Mkikata mbili mbalimbali na ndege ya kutoka Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, ikachelewa, shirika la ndege ya usiku litahesabu kwamba abiria hakufika, na linaweza kufuta hata safari ya kurudi. Shirika la Lamu likiwa halina ushirikiano na lile la kimataifa, basi waondoke asubuhi au siku iliyotangulia. Angalieni pia ndege inatua wapi Nairobi, maana inayotua uwanja mdogo wa Wilson itawalazimu kuvuka mji hadi uwanja wa Jomo Kenyatta katika foleni ya magari. Ndege ndogo za Wilson huweza kuruhusu kilo 15 tu, hata kama ile kubwa huruhusu mabegi mawili ya kilo 32. Kiti cha magurudumu kiombwe saa 48 kabla, mkieleza wazi kama mama anaweza kupanda ngazi, kwani Manda hupandwa kwa ngazi. Boti ya kuvuka kwenda Manda iagizweni kwa kutazama maji: yakiwa yamekupwa, ngazi za gati huwa ndefu kwa magoti yake.

Swala ya Alfajiri isiwatie wasiwasi. Disemba jua la London huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, na Heathrow kuna vyumba vya kusalia, kwa hivyo ndege ikitua kwa wakati kuna nafasi.

Kuhusu kurudi, tazameni kwanza saa ya ndege. Iko inayoondoka London asubuhi na kufika Nairobi usiku, na katika ndege ya mchana kitanda hakina kazi kubwa. Mashirika mengi hukubali kuchanganya madaraja katika tiketi moja ya kwenda na kurudi. Zaidi ya hayo, Uingereza hutoza kodi ya abiria kwa kila anayeondoka huko, na kwa safari ya umbali huu daraja la juu hutozwa zaidi ya mara mbili ya lile la kawaida. Wakirudi mchana kwa daraja la kawaida, mama akipewa kiti cha upande wa njia, fedha itakayobaki italipia chumba cha kulala Nairobi kabla ya ndege ya Lamu ya kesho yake.