Mwaka wa dirhamu isiyo na tarakimu

SWALI: Nimeonyeshwa sarafu ya fedha ambayo mwenyewe anasema ni dirhamu ya Bani Umayya, ukoo wa makhalifa, iliyopigwa Wasit, nchini Iraki. Ninasoma Kiarabu, lakini sioni tarakimu wala jina la mtawala, na herufi hazina nukta. Mwaka umeandikwa wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mwaka umo, ila umeandikwa kwa maneno. Hadi mwaka 79 Hijria, dirhamu nyingi zilikuwa bado zinaiga zile za Waajemi, zenye sura ya mfalme na madhabahu ya moto. Ndipo Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipoziondoa picha hizo na kubakiza maandishi matupu, bila hata jina lake mwenyewe.

Tafuta upande ambao katikati yake pana mistari mitatu inayoanza kwa «La ilaha illa Allah». Upande wa pili, wenye maneno ya Suratul-Ikhlas, hauna tarehe. Kwenye duara linaloizunguka mistari hiyo mitatu, anzia «Bismillah» usome kinyume cha mwendo wa saa: utakuta kwamba dirhamu hii imepigwa Wasit, kisha mwaka, neno la mamoja likitangulia la makumi.

Hapo ndipo penye kazi. Bila nukta, «sab‘» na «tis‘», yaani saba na tisa, yote mawili ni meno manne (vichomozo vidogo vya herufi) yanayofuatwa na herufi ‘ayn, na sabini na tisini hufanana vivyo hivyo. Mara nyingi fundi alirefusha jino moja: likiwa la mwisho, kabla ya ‘ayn, ni saba, likiwa la kwanza, ni tisa. Tumia kioo cha kukuzia, na usiisugue sarafu, kwa maana meno hayo ndiyo yanayotangulia kulika.

Tuseme umeona maneno mawili ya namna hiyo: huenda ni 77, 79, 97 au 99. Wasit ulijengwa na al-Hajjaj bin Yusuf, liwali wa Iraki, katika miaka ya 80 Hijria, kwa hiyo miwili ya kwanza inaanguka yenyewe. Mwaka 97 ulianza Septemba 715 Miladia, na wote ni wa utawala wa Khalifa Sulaiman bin Abdulmalik. Mwaka 99 ndio aliofariki, akamwachia ukhalifa Umar bin Abdulaziz. Kwa kuwa hakuna jina la khalifa, ni jino hilo moja litakaloamua.