Maswali ya Wasomaji: Kumbukumbu za huduma za vijana shuleni

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa malezi, Rungwe. Mradi wetu unahudumia shule 6 za sekondari: ushauri nasaha, klabu za stadi za maisha na taulo za kike. Kila shule ina daftari lake, na tukijumlisha mwisho wa muhula tunapata vijana wengi kuliko waliopo shuleni. Tunataka kuhamia kwenye programu ya mtandaoni. Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, jumla inazidi kwa sababu mnahesabu mahudhurio mkiyaita vijana. Binti aliyekuja klabu mara 8 na kupewa taulo mara 3 anaonekana ni mabinti 11. Mkihamia mtandaoni na mtindo huohuo, kosa litahama nanyi.

Tengenezeni fomu mbili. Ya usajili hujazwa mara moja tu kwa kila kijana: jina, jinsi, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, shule, mwaka alioanza kidato cha kwanza, na namba mliyompa nyinyi. Ya huduma hujazwa kila anapohudumiwa: namba yake, tarehe, aina ya huduma, aliyeitoa. Aina ya huduma iwe orodha ya kuchagua. Mkiacha nafasi ya kuandika, "ushauri", "nasaha" na "ushauri nasaha" zitahesabiwa huduma tatu.

Msimtafute kijana kwa jina. Atupele wa daftari hili ni Atupere wa daftari lile. Namba ya PREM, ambayo ni namba ya utambulisho wa mwanafunzi kwenye mfumo wa NECTA (Baraza la Mitihani), itawasaidia kumgundua aliyesajiliwa mara mbili, lakini ikae kwenye fomu ya usajili pekee. Na mwaka wa kuanza tumeutaja makusudi: mkiandika "Kidato cha Pili", ikifika Januari kumbukumbu zote zimepitwa na wakati.

Kuhusu programu, KoboToolbox, ya kukusanya taarifa kwa fomu, ni nyepesi kuanza nayo, ila kila fomu inayotumwa inasimama peke yake, hivyo mtaziunganisha kwa namba kwenye Excel. DHIS2, mfumo wa kutunza taarifa uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika katika sekta ya afya hapa Tanzania, ina sehemu iitwayo Tracker inayomfuata mtu mmoja mmoja tangu usajili. Hiyo inadai mtaalamu wa kuisimika na kuitunza. Kwa shule 6, sisi tungeanza na Kobo kwa muhula mmoja.

SWALI: Shuleni kwetu Kilolo mtandao unashika kwa kubahatisha. Itawezekana kweli?

JIBU: Inawezekana. Pakueni fomu mkiwa mjini kwenye simu ya Android yenye KoboCollect (programu ya simu ya KoboToolbox), jazeni shuleni bila mtandao, kisha tumeni mkipata mtandao. Mambo huharibika hapa: fomu iliyoachwa kama rasimu haitumwi, na mtu akiondoa programu ili apate nafasi kwenye simu, fomu zote ambazo hazijatumwa zinakwenda nayo. Kagueni pia tarehe ya simu iliyokaa imezimika muda mrefu. Picha ziacheni, zinakula bando bure. Kila Ijumaa mmoja wenu alinganishe idadi iliyo daftarini na iliyofika kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi taarifa), na daftari lisitupwe muhula wote wa kwanza.

Klabu ya wanafunzi 40 isijaziwe fomu 40. Fomu moja ya kipindi, yenye orodha ya wanafunzi ya kuweka tiki, inatosha.

SWALI: Mkuu wa shule anataka kusoma wanachosema wanafunzi kwa mshauri. Tumfungulie?

JIBU: Hapana. Mkuu apewe jumla kwa mwezi na kwa aina ya huduma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na kila mtumiaji awe na nywila yake. Nywila moja ya ofisi nzima inafuta alama za nani aliona nini. Kama seva iko nje ya nchi, sheria hiyo ina masharti ya kusafirisha taarifa. Yasomeni kabla ya kuanza.

Maelezo ya ukatili yasiandikwe kwenye programu kabisa. Andikeni rufaa tu: tarehe aliyopelekwa, alikopelekwa (kituo cha afya, ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi) na tarehe aliyofika. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa wazi mara nyingi, na huko ndiko watoto hupotelea. Mpangieni mtu mmoja kwa jina azipitie rufaa zisizo na tarehe ya kufika kila Jumatatu. Rufaa ya ukatili isisubiri Jumatatu, aifuatilie siku hiyohiyo.